Kakeksia: kwa nini mgonjwa wa saratani hukonda hata akila

Watu wengi waliowahi kuuguza mgonjwa wa saratani wanaijua hali hii bila kujua jina lake. Nguo zinampwaya, mifupa ya mabega imetokeza, akisimama anashika ukuta, na sahani inarudi jikoni karibu kama ilivyoenda. Hapo lawama huanza kidogo kidogo: hajitahidi, anadeka, amekata tamaa. Kitabibu hali hiyo inaitwa kakeksia, na mgonjwa hana kosa lolote ndani yake. Ni kuvurugika kwa umetaboli, yaani namna mwili unavyokivunja chakula, kukitumia kama nishati na kujijenga kwacho.

Mwaka 2011 jopo la wataalamu wa kimataifa lilikubaliana juu ya maana yake: ni kupungua kwa misuli kunakoendelea, mafuta ya mwili yawe yamepungua au la, ambako hakuwezi kurekebishwa kikamilifu kwa lishe ya kawaida peke yake, na ambako humwondolea mtu uwezo wa kufanya shughuli zake. Kipimo chao ni chepesi. Uzito ukishuka zaidi ya asilimia 5 ndani ya miezi sita, bila mtu kukusudia kupungua, hiyo ni kakeksia. Kwa aliyekuwa mwembamba tangu mwanzo, mwenye BMI (uwiano wa uzito na urefu) chini ya 20, au ambaye misuli yake imeshapungua, zaidi ya asilimia 2 inatosha. Mama wa kilo 60 akifika kilo 56 amepoteza karibu asilimia 7. Majirani wanaweza hata kumsifia kwamba amependeza, kumbe mstari ameshauvuka.

Ili kuielewa, tuanze na njaa ya kawaida. Mtu mwenye afya akikosa chakula kwa siku kadhaa, mwili wake hubana matumizi. Kasi ya kutumia nishati inashuka, mafuta yanakuwa ndiyo nishati kuu, ini linatengeneza ketoni kutokana na mafuta hayo ili ubongo usikose, na misuli inalindwa kadiri inavyowezekana. Akipata chakula tena, polepole anarudi alivyokuwa.

Kwenye kakeksia ulinzi huo wa misuli hauwi kama inavyotakiwa. Seli za saratani, pamoja na kinga ya mwili inayopambana nazo, zinamwaga kwenye damu kemikali za inflamesheni, mapambano yale yale yanayofanya kidonda kiwe chekundu na mwili upate homa, ila haya hayapoi. Miongoni mwa kemikali hizo ni TNF-alfa na interlukini-6. Zikifika kwenye misuli zinachochea protini zake zivunjwe haraka kuliko zinavyojengwa. Zikifika kwenye ini, zinalifanya litengeneze kwa wingi protini za mapambano, kama ile CRP inayopimwa maabara, na malighafi yake kwa sehemu kubwa inatoka kwenye misuli hiyo hiyo iliyovunjwa. Insulini nayo inakosa nguvu yake ya kawaida, hivyo chakula kikiingia hakigeuki kuwa misuli kwa urahisi. Wagonjwa wengine wanatumia nishati nyingi kuliko kawaida hata wakiwa wamelala tu.

Kuna na suala la hamu. Protini iitwayo GDF15, ambayo hupanda kwa wagonjwa wengi wa saratani, inafanya kazi kwenye shina la ubongo, ikizima hamu ya kula na kuleta kichefuchefu. Mgonjwa anaposema "hata harufu ya chakula siitaki", anaeleza jambo linalotendeka kweli ndani ya ubongo wake. Kumgombeza hakulibadilishi. Naliandika hili kwa msisitizo kwa sababu ugomvi wa chakula umeharibu siku nyingi za thamani kati ya wagonjwa na watu wanaowapenda.

Saratani hazifanani katika hili. Za kongosho, tumbo, umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni) na mapafu zinakondesha sana. Ya matiti kwa kawaida si sana. Mtu mnene naye anaweza kuwa na kakeksia, misuli ikiisha chini ya mafuta bila yeyote kugundua, na miguu iliyovimba au tumbo lililojaa maji hudanganya mzani. Kupotea kwa misuli kuna gharama ya moja kwa moja: mgonjwa anaumizwa zaidi na dawa za kemo, mara nyingine dozi inabidi ipunguzwe au mzunguko uahirishwe, na kidonda cha upasuaji kinachelewa kupona.

Hapa lazima tuguse sukari, maana ndiyo mada inayozunguka zaidi kwenye simu za watu. Katika miaka ya 1920 mwanasayansi wa Ujerumani, Otto Warburg, aliona kwamba seli za saratani zinakula kwa wingi glukosi, sukari ya kwenye damu, na kuigeuza kuwa laktati, yaani glukosi iliyovunjwa nusu, hata pale oksijeni ilipo ya kutosha. Ni kweli, na ni njia yenye hasara: glukosi moja inatoa molekuli 2 tu za ATP, chembe zinazobeba nishati ya seli, wakati njia kamili ya seli ya kawaida inatoa 30 au zaidi. Laktati hiyo inakwenda kwenye ini, ambalo linaijenga upya kuwa glukosi kwa gharama ya ATP 6. Saratani inapata 2, mwili unalipa 6, na mzunguko unaanza tena.

Kutoka hapo watu wakaruka hadi kusema: acha sukari, acha wali na ugali, saratani itakufa njaa. Haiwi hivyo. Usipokula wanga, ini linatengeneza glukosi lenyewe, na sehemu ya malighafi ni protini za misuli. Seli za saratani pia zinaweza kutumia glutamini (kijenzi kimoja cha protini) na mafuta. Anayefunga ili "aiue kansa kwa njaa" anaanza kwa kuimaliza misuli yake, na miongozo ya lishe ya wagonjwa wa saratani inapinga wazi mlo wa kujinyima kwa mtu anayepungua uzito. Mwenye kisukari afuate maelekezo yake ya kisukari. Wengine wasinyang'anywe ugali.

Basi chakula kina faida gani, ikiwa kakeksia haiponi kwa kula tu? Faida ipo kubwa. Kinapunguza kasi ya kupotea, kinamwezesha mgonjwa kumaliza matibabu, na sehemu ya kukonda karibu kila mara inatokana na kula kidogo, jambo linalorekebishika. Mwongozo wa ESPEN, chama cha Ulaya cha lishe ya kitabibu, unaweka kilokalori 25 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na protini zaidi ya gramu 1 kwa kilo, ikiwezekana hadi 1.5. Yule mama wa kilo 56 anahitaji kama kilokalori 1,400 hadi 1,700, na protini kati ya gramu 56 na 84. Yai moja lina gramu 6 za protini, robo lita ya maziwa kama 8. Utaona kwamba hafiki kwa supu. Supu nyepesi ya mifupa, ambayo wengi tunampelekea mgonjwa kwa moyo safi, ni maji, chumvi na ladha. Nguvu iliyomo ni ndogo. Mnofu wenyewe, ukisagwa ndani ya supu hiyo au ukapikwa mtori, ndio wenye kazi.

Uji nao unafaa kutazamwa kwa karibu. Kikombe cha uji mwepesi kina unga wa gramu 25 au 30, yaani kama kilokalori 100. Upike kwa maziwa badala ya maji, tia kijiko cha mezani cha siagi ya karanga na kimoja cha mafuta ya kula, na kikombe kile kile kinapita kilokalori 400. Unga wa dagaa waliokaushwa na kusagwa unaongeza protini kwenye mchuzi bila mgonjwa kulazimika kutafuna.

Kwa anayemeza kwa shida kuna kimea, ambacho Tanzania kimetumika miaka mingi kwenye uji wa watoto. Ulezi unalowekwa, unaoteshwa siku mbili tatu, unaanikwa, vijimizizi vinapukutishwa, kisha unasagwa. Unga wake una vimeng'enya vinavyokata wanga. Pika uji mzito wa kusimamisha mwiko, uache upoe hadi uwe vuguvugu, tia kijiko cha kimea na ukoroge. Ndani ya dakika chache uji unalainika na kunyweka bila kuongezwa tone la maji, huku unga wote ukiwa bado umo. Urudishe jikoni uchemke kidogo, upoe, ndipo anywe.

Hili lina uzito wa pekee kwetu, kwa sababu ukanda unaoanzia Ethiopia kupitia Kenya na Tanzania hadi Malawi una saratani ya umio kwa wingi usio wa kawaida. Mgonjwa anaanza kukwama na nyama, kisha ugali, kisha uji, na wengi hufika hospitali hata maji yanapita kwa taabu. Njia ikiziba, ushauri wa chakula hautoshi, ifunguliwe. Hospitali ya Tenwek huko Bomet, Kenya, imejulikana kwa kuweka stenti, bomba la waya linalotanuka ndani ya umio. Pengine huwekwa mpira wa kulishia kupitia puani au moja kwa moja tumboni. Aliyekaa siku nyingi bila kula chochote cha maana asijazwe chakula siku ya kwanza: madini ya fosfeti na potasiamu kwenye damu zinaweza kushuka ghafla na kuuvuruga moyo. Alishwe kidogo kidogo, chini ya uangalizi.

Kabla ya kulaumu hamu, tafuta vizuizi vidogo. Vidonda vya kinywa na fangasi vinatibika. Dawa ya kichefuchefu imezwe kabla ya chakula, kabla tumbo halijachafuka. Morfini, dawa ya maumivu makali, inafunga choo, na aliyefunga choo siku nne hawezi kutamani kula, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo iende pamoja nayo. Nyama ikimpa ladha ya chuma, jaribu mayai, samaki au maharage. Maumivu yatulizwe. Na atembee, hata uani tu, kwa sababu msuli usiofanya kazi haujengeki.

Dawa za kurudisha hamu zipo, ila hazifanyi miujiza. Deksamethasoni inasaidia kwa wiki chache, lakini ikitumika muda mrefu yenyewe inakula misuli. Megestroli inaongeza uzito, zaidi mafuta na maji, na ina hatari ya damu kuganda. Olanzapini kwa dozi ndogo ilionyesha matokeo mazuri kwenye utafiti wa India uliochapishwa 2023. Japani iliidhinisha anamorelini mwaka 2021. Zote ni za kuzungumza na daktari, si za kununua dukani.

Lile jopo la 2011 liligawa kakeksia hatua tatu. Ya kwanza ni dalili za awali, hamu ikipungua na uzito ukiwa bado haujashuka kufikia asilimia 5. Ya pili ni kakeksia yenyewe. Ya tatu ni pale saratani haisikii tena matibabu, mwili hauwezi kujijenga kwa namna yoyote, na maisha yaliyobaki yanahesabiwa kwa wiki au miezi michache. Kwenye hatua hii ndugu mara nyingi huomba dripu la kumpa nguvu. Lita moja ya dekstrosi ya asilimia 5 ina gramu 50 za sukari, chini ya kilokalori 200, na haina protini hata kidogo. Maji yake yanaweza kuishia kwenye mapafu na miguu. Hapo mgonjwa anapewa anachokitamani, kwa kiasi anachotaka, na akikataa asilazimishwe.

Hatua mbili za mwanzo ndizo zenye nafasi ya kupigania uzito. Kwa hiyo kila kliniki mgonjwa apimwe, namba iandikwe pamoja na tarehe kwenye daftari la nyumbani, na ikishuka mara mbili mfululizo muulize daktari waziwazi yuko hatua ipi, na umwombe akuunganishe na afisa lishe siku hiyo hiyo.