Aspergillus: rangi ya ukungu isikudanganye

Mvua za masika zikianza hapa Dar, wafanyabiashara wa nafaka huniletea mahindi yaliyoota ukungu wa kijani na swali moja: "Mtaalamu, hii ndiyo sumukuvu?" Jibu langu huwaudhi. Kijani peke yake hakitoshi kuniambia kama kuna sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na kuvu (hapa, aflatoksini).

Mara nyingi mgeni huyo ni kuvu wa jenasi ya Aspergillus. Jina lilitolewa mwaka 1729 na Pier Antonio Micheli, mtaalamu wa mimea wa Florence, ambaye chini ya hadubini aliona umbo lililomkumbusha kile kifaa cha padri cha kunyunyizia maji ya baraka. Waliowahi kulowa Jumapili ya Matawi pale Mtakatifu Yosefu wanakifahamu.

Ninabandika selotepu juu ya ukungu, naiweka kwenye tone la rangi ya buluu, kisha natazama. Kutoka kwenye seli nene ya kitako iliyolala kati ya nyuzi za kuvu, huinuka shina ambalo kwa kawaida halina vikuta vya kuligawa. Nchani linavimba na kuwa kibofu. Juu ya kibofu zimesimama fialidi, seli zenye umbo la chupa zinazozaa konidia (chembe za uzazi za kuvu) moja baada ya nyingine katika mnyororo. Changa iko chini, kongwe juu. Penicillium, ndugu yake katika familia ya Aspergillaceae, ana matawi yaliyokaa kama ufagio wa chelewa, bila kibofu. Tofauti hiyo huonekana papo hapo.

Shughuli ni kutofautisha spishi, maana zimeshapita 400. Kwanza natazama kama fialidi zimeota moja kwa moja kwenye kibofu (safu moja) au zimebebwa na seli nyingine ziitwazo metula (safu mbili). Aspergillus niger ana safu mbili, kichwa kikubwa cha duara na konidia nyeusi zenye chunusi. Viwanda humtumia kutengeneza asidi ya sitriki inayotiwa kwenye soda. A. fumigatus ana safu moja tu, iliyofunika sehemu ya juu ya kibofu. Konidia zake zina mikromita 2 hadi 3, ndogo kiasi cha kufika ndani kabisa ya mapafu, naye humudu hata joto la nyuzi 50. Huyu ndiye ninayemwogopa zaidi kwa watu ambao kifua kikuu kimewaachia mashimo mapafuni.

Sasa turudi kwenye mahindi. A. flavus ni wa kijani-njano, shina lake lina mikwaruzo, na vichwa vyake huchanganya safu moja na mbili. A. parasiticus ni kijani kilichokolea, karibu vyote safu moja, konidia zenye chunusi zaidi. Wa kwanza hutoa sumukuvu za kundi B. Wa pili hutoa B na G. Lakini wapo A. flavus wasiotoa sumu kabisa, na A. oryzae, jamaa yake wa karibu mno, hutengenezea Wajapani mchuzi wa soya. Hapo hadubini inafika ukomo. Ili kumtambua spishi, tunasoma jeni ya kalmodulini au beta-tubulini, protini mbili za kuvu.

Majina nayo yalikuwa vurugu. Kuvu mmoja aliitwa Aspergillus akizaa bila jinsia, na Emericella au Eurotium akizaa kwa jinsia. Mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa mimea uliofanyika Melbourne mwaka 2011 ulifuta utaratibu huo, nami nilishukuru.

Kwa mwenye gunia, hata nikimtaja kuvu kwa jina, bado unga wenyewe lazima upimwe. Kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo, na B1, mojawapo ya zile za kundi B, isizidi 5. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hii. Kuyapangusa ukungu hakusaidii, kwani sumu imo ndani ya punje na moto wa kusongea ugali hauimalizi.