Wikiendi ya Firenze: tunayoambiana kwenye basi na yaliyopo mjini

Kila mwaka, baridi ikianza kulegea, sisi wanafunzi wa Afrika Mashariki tulioko kusini mwa Ujerumani hukodi basi Ijumaa usiku kutoka München, tukakatiza Austria na milima ya Alps, na alfajiri ya Jumamosi tukashuka Firenze, mji wa Italia ambao wengi huuita Florence. Jumapili jioni tunarudi. Nimeipanga safari hii mara tatu sasa, na mara zote uvumi unaozunguka kwenye kundi letu la WhatsApp ni uleule. Muda wetu mjini ni mfupi mno, na aliyekuja na taarifa mbovu huumalizia kwenye foleni.

"Lazima kwanza tuombe viza ya Italia."

Aliye na kibali cha ukaazi cha Ujerumani hahitaji. Kibali hicho, pamoja na pasipoti ambayo muda wake haujaisha, kinamruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizokubaliana kuondoa ukaguzi kwenye mipaka kati yao, hadi siku 90 ndani ya siku 180. Balaa linatoka upande wa pili: mtu akisikia kwamba mipaka imefunguliwa, pasipoti anaiacha chumbani. Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mpaka wake na Austria mwaka 2015, kwa hiyo tukirudi usiku wa Jumapili askari anaweza kupanda basini na kutaka karatasi za kila mmoja. Na ndugu zetu wanaosoma Uingereza wanaotaka kuungana nasi hesabu yao ni nyingine kabisa. Uingereza haimo Schengen, na viza ya masomo ya kule haiwafikishi Italia.

"Ukiwa na kadi ya mwanafunzi, unaingia bure kila mahali."

Hii ndiyo inayouma. Safari ya kwanza niliyoipanga niliamini hivyo, nikawatangazia wenzangu kwamba viingilio visiwape hofu. Asubuhi ile dada mmoja, ambaye alikuwa ameweka akiba miezi mitatu, alisimama dirishani na pesa ambazo hazikutosha, ikabidi tuchangishane palepale. Sijasahau uso wake.

Ukweli ni kwamba kwenye makumbusho ya serikali ya Italia, ikiwemo Uffizi na Accademia, punguzo linafuata umri na uraia. Aliye chini ya miaka 18 huingia bure, awe wa taifa lolote. Raia wa Umoja wa Ulaya wa miaka 18 hadi 25 hulipa euro 2. Mkenya wa miaka 22 anayesoma uhandisi hulipa bei kamili, hata akiwa na kadi tano za chuo. Upenyo uliopo ni kwa wanaosoma fani kama usanifu majengo au historia ya sanaa katika vyuo vya Umoja wa Ulaya: hao huingia bure wakionyesha uthibitisho wa uandikishaji. Basi kabla ya kukusanya michango, uliza kila mtu umri, uraia na anachosoma.

Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho hayo ni bure kwa wote, na wengi hudhani hapo ndipo pa kuwahi. Kwa kundi la watu thelathini mimi siishauri. Mji mzima nao umeisikia habari hiyo.

"Sanamu ya Daudi iko pale uwanjani, ya nini kulipa?"

Iliyoko Piazza della Signoria ni nakala, iliyowekwa mwaka 1910. Daudi mwenyewe, aliyechongwa na Michelangelo kati ya 1501 na 1504, alisimama uwanjani hapo hadi mwaka 1873, akahamishiwa ndani ya Accademia kuepushwa na mvua na jua. Ana urefu wa mita 5.17. Jiwe lile la marumaru lilikwisha kuguswa na wachongaji wengine kabla yake, likaachwa miaka mingi, na kijana wa miaka 26 ndiye aliyelichukua. Milango ya shaba ya mchongaji Ghiberti kwenye jengo la ubatizo, mbele ya kanisa kuu, nayo ni nakala. Ya asili, iliyomchukua kuanzia 1425 hadi 1452, iko makumbusho ya kanisa kuu, hatua chache kutoka hapo. Asiye na pesa asione haya kutazama nakala. Ila ajue anachokitazama.

"Kuba tutalipanda tukifika."

Hamtalipanda. Tiketi ya kuba la kanisa kuu ni ya saa maalumu na hukatwa mapema. Kuingia kanisani chini ni bure, lakini Jumapili ni siku ya ibada, kwa hiyo wekeni Jumamosi.

Kwa mwanafunzi yeyote wa ujenzi, mimi ningesema aache vingine vyote apande hapa. Kanisa lilianzwa mwaka 1296, likakua likabaki na tundu kubwa juu, upana wake kama mita 45, na kwa miongo mingi hakuna aliyejua namna ya kuliziba. Njia iliyozoeleka ilikuwa kuegemeza kuba juu ya jukwaa la mbao mpaka chokaa ishike, na jukwaa la upana na kimo kile lilikuwa jambo lisilowezekana. Filippo Brunelleschi, ambaye ufundi aliosomea ni uhunzi wa dhahabu, alilijenga kati ya 1420 na 1436 bila jukwaa la kutoka chini. Alijenga makuba mawili, moja ndani ya jingine. Matofali, yanayozidi milioni 4, aliyapanga mengine yakilala na mengine yakisimama wima, mstari ukizunguka kwenda juu mfano wa miiba ya samaki, hivi kwamba kila safu mpya inabanwa isiteleze kabla chokaa haijakauka.

Ngazi ni 463 na lifti hakuna. Unapanda ukiwa kati ya makuba hayo mawili. Ukuta unaanza kukuinamia begani, na matofali hayo unayagusa kwa mkono. Mwenye pumu au hofu ya sehemu finyu tumwambie mapema. Uso wa mbele wa kanisa, ule wa marumaru nyeupe, kijani na waridi ambao watu hupigia picha wakidhani ni wa zama hizohizo, ulikamilika mwaka 1887 tu.

"Dante amezikwa Santa Croce."

Kaburi lipo, ndani hamna mtu. Mshairi huyo mji wake ulimfukuza, akafia mji wa Ravenna mwaka 1321, na mifupa yake iko huko hadi leo. Wanaolala Santa Croce ni Michelangelo, Galileo na Machiavelli.

"Kila mji wa kale Ulaya una vitu kama hivi."

Vitu vya miji mingine mingi vilitawanyika watawala walipobadilika. Ukoo wa Medici, uliotawala Firenze, ulipokuwa unakatika, Anna Maria Luisa, wa mwisho wao, alitia saini mkataba mwaka 1737 akikabidhi mkusanyiko wote kwa dola ya Toscana, kwa sharti kwamba kisitolewe mjini kitu chochote. Mimi nikiwa Uffizi humkumbuka mama huyo kuliko nimkumbukavyo mchoraji yeyote. Jengo lenyewe lilianzwa mwaka 1560 kuwa ofisi za serikali, na ndiyo maana ya jina Uffizi.

Hata sharti lile halikuweza kuzuia maji. Tarehe 4 Novemba 1966 mto Arno ulifurika, tope likazika maelfu ya vitabu na michoro. Vijana, wengi wao wanafunzi, walitoka Italia na nchi nyingine wakashinda wamesimama kwenye matope wakipokezana vitabu mkono kwa mkono. Waitaliano wanawaita malaika wa tope. Vibao vya kuonyesha maji yalipofika viko ukutani mitaani, vingine juu ya kichwa cha mtu mzima.

"Sanaa yao haituhusu."

Kijana mmoja aliniambia hivi tukiwa kwenye daraja la Ponte Vecchio, na hakuwa anatania. Nilimwambia habari za Alessandro de' Medici, aliyetawala Firenze kama duke wake wa kwanza kuanzia 1532 hadi alipouawa mwaka 1537. Wanahistoria wengi wanaamini mama yake alikuwa mtumishi mwenye asili ya Afrika. Na Uffizi wanahifadhi mchoro wa Mjerumani Albrecht Dürer wa mwaka 1521, wa mwanamke Mwafrika aitwaye Katharina. Ana miaka 20, kichwa kimefunikwa, macho ameyainamisha.

Kisha tuliingia jumba la Palazzo Vecchio, kwenye ukumbi wa Lorenzo de' Medici, mkuu wa ukoo ule zamani, nikamwonyesha picha aliyoisimamia mchoraji Vasari: mabalozi wanamletea Lorenzo zawadi, na nyuma ya watu ametokeza twiga. Mnyama huyo alifika kweli mwaka 1487, zawadi ya Sultani Qaitbay wa Misri, miaka 72 baada ya mabalozi wa Malindi kufikisha twiga China. Haukupita muda mrefu akagonga kichwa kwenye boriti akafa.

Yule kijana alibaki chini ya picha ile mpaka mlinzi akaja kutuambia wanafunga.