Wanga si mchawi, protini si mganga

Kiswahili kimetufanyia mzaha kidogo. Wanga ni kile kilichomo ndani ya wali, mkate na viazi. Wanga pia ni wale wa usiku, wanaosemekana kuzunguka uchi wenzao wakiwa wamelala. Ukisikiliza mazungumzo ya kupunguza uzito, kuna wakati huwezi kutambua ni wanga gani wanaosemwa: wote wanaogopwa, wote wanabebeshwa lawama bila shahidi, na tiba ni ile ile, kufukuzwa nyumbani. Protini nayo imepewa kazi ya mganga. Mwenye kitambi anatumwa kwake, mwenye kuchoka anatumwa kwake, na mwenye njaa isiyoisha naye anaelekezwa huko huko.

Tumbo halina habari na vyeo hivi. Linapokea chakula chenye umbo: kimesagwa au ni kizima, kina maji au ni kikavu, nyuzinyuzi zake zipo au zimebaki kiwandani. Ndiyo maana swali la "wanga au protini?" mara nyingi huwa limekosewa tangu linapoulizwa.

"Wanga ndio unaonenepesha"

Hoja yenyewe inasikika vizuri. Wanga hugeuka glukosi, yaani sukari ya damu, glukosi huamsha homoni ya insulini, insulini huyafungia mafuta ndani ya seli, na mtu ananenepa huku akiendelea kusikia njaa. Kila hatua ina ukweli wake. Kinachogoma ni jumla ya mwisho.

Mwaka 2018 Christopher Gardner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa matokeo ya jaribio lililowafuata watu wazima 609 kwa miezi 12. Kundi moja lilipunguza wanga, jingine likapunguza mafuta, na wote wakahimizwa kula mboga kwa wingi na kuachana na sukari na unga uliokobolewa. Waliopunguza wanga walipungua wastani wa kilo 6.0, waliopunguza mafuta kilo 5.3, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Kila mmoja alikuwa amepimwa pia insulini inayotoka baada ya kunywa glukosi, kwa dhana kwamba wenye insulini nyingi ndio wangefaidika zaidi kwa kuacha wanga. Haikuwa hivyo.

Miaka 3 baadaye Kevin Hall, wakati huo wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, alitoa matokeo ya jaribio lililoweka watu 20 ndani ya kituo cha utafiti na kuwaacha wale watakavyo. Kwa wiki mbili walipewa chakula cha mimea chenye wanga mwingi unaopandisha sukari ya damu, kwa wiki mbili nyingine chakula cha wanyama chenye wanga mdogo. Insulini ilipanda zaidi kwenye ule mlo wa wanga, kama ilivyotarajiwa. Lakini hapo hapo ndipo walipokula kidogo, kwa tofauti ya kilokalori kama 690 kwa siku, na hawakulalamika njaa zaidi.

Basi kwa nini mtu akiacha wanga anashuka kilo mbili, tatu ndani ya wiki? Mimi mwenyewe niliwahi kujitangaza kwa ndugu zangu kwamba nimepata dawa. Nilipokula wali mwishoni mwa wiki, mizani ikanirudisha nilikotoka, na sikujitangaza tena. Jibu liko kwenye akiba ya glukosi iitwayo glaikojeni. Ini hubeba kama gramu 100 za akiba hiyo, misuli kama 400, na kila gramu huhifadhiwa pamoja na takriban gramu 3 za maji. Wanga ukikosekana, akiba inatumika na maji yake yanatoka. Kilichoondoka kwa sehemu kubwa ni mkojo. Mafuta huondoka pia, ila kwa mwendo wake wa pole.

Jambo jingine ambalo halisemwi: ini linaweza kugeuza wanga kuwa mafuta, lakini kwa mlaji wa kawaida njia hiyo hupitisha kidogo tu. Mwili hupendelea kuuchoma wanga kwanza na kuyaweka kando mafuta yaliyoliwa nao sahani moja. Kitambi kinajengwa na ziada yote kwa ujumla.

"Wanga wa usiku ni mafuta ya asubuhi"

Huu ndio uchawi kamili. Ni kweli kwamba jioni mwili huishughulikia glukosi kwa uzembe kuliko asubuhi, kwa hiyo chakula kile kile huacha sukari juu zaidi katika damu. Hilo lina maana kwa mwenye kisukari. Lakini hakuna saa ambayo ikigonga, viazi hubadilika kuwa mafuta.

"Wanga rahisi ni mbaya, wanga tata ni mzuri"

Hapa nataka kukaa kidogo, maana hii si dhana ya mitaani. Imefundishwa darasani kwa miaka mingi: sukari ni wanga rahisi na hupanda haraka, wanga wa nafaka na viazi ni tata na hupanda polepole. Ilikuwa inaaminika kwa kuangalia mchoro wa kemia. Mwaka 1981 David Jenkins na wenzake wa Toronto waliacha mchoro wakapima damu, wakazaa kile kinachoitwa kipimo cha glaisemia, alama inayoonyesha chakula kinaipandisha sukari ya damu kwa kiasi gani. Mkate mweupe, ambao ni "tata", huipandisha sukari ya damu kuliko sukari yenyewe ya mezani.

Si ajabu ukijua kilichomo. Wanga huo tata ni mnyororo wa glukosi tupu. Mnyororo ulionyooka, amilosi, hujibana na kuwapa vimeng'enya kazi ngumu. Ule wenye matawi, amilopektini, una ncha nyingi, na vimeng'enya hushambulia kila ncha kwa wakati mmoja. Sukari ya mezani, kwa upande wake, ni nusu glukosi na nusu fruktosi, na hiyo nusu ya pili hupita kwenye ini bila kuonekana sana kwenye kipimo cha sukari ya damu. Ndiyo maana alama yake iko chini kuliko ya mkate. Je, hiyo ni sifa njema? Ini likipakiwa fruktosi nyingi, tena kwa vinywaji, huanza kutengeneza mafuta kwa bidii kuliko linavyofanya kwa glukosi. Kwa hiyo alama ya chini si cheti cha usalama. Asali na sukari ya kahawia zimo katika mkumbo huo huo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linaihesabu asali pamoja na sukari zinazotakiwa zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku.

Umbo ndilo linaloamua mengi. Ngano isiyokobolewa ikisagwa ikawa laini kama poda, mkate wake huipandisha sukari karibu sawa na mweupe, ingawa nyuzinyuzi na vitamini zake bado ni faida. Punje ile ile ikiachwa nzima, vimeng'enya vinabisha hodi muda mrefu kabla ya kufunguliwa. Wali au viazi vikipikwa vikaachwa vipoe, sehemu ya wanga hujipanga upya na kuwa wanga sugu, usiomeng'enywa kwenye utumbo mwembamba. Unafika utumbo mpana ukiwa mzima, bakteria wanaula, na wanatoa asidi fupi za mafuta ambazo seli za utumbo huo zinazitumia kama chakula. Wasikudanganye tu kwamba kiporo hakina kalori. Kiasi kinachobadilika ni kidogo.

"Chakula kinachopandisha sukari haraka hakishibishi"

Mwaka 1995 Susanna Holt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney walichukua vyakula 38, kila kimoja kwa kiasi chenye nishati sawa, wakauliza watu wameshiba vipi kwa saa mbili. Mkate mweupe ulipewa 100. Kwasoni, ule mkate wa tabaka uliojaa siagi, ulipata 47. Kilichoongoza orodha nzima, mbele ya nyama, samaki na mayai, ni viazi vya kuchemsha: 323.

Viazi! Chakula chenye alama ya juu ya glaisemia, kinachonyooshewa kidole kila siku. Siri yake si kubwa: kina maji mengi, kwa hiyo nishati ndogo hujaza sahani kubwa, na hakiteremki haraka kooni. Viazi hivyo hivyo ukivikata vyembamba ukavizamisha kwenye mafuta, maji yanatoka na mafuta yanaingia, na habari inakuwa nyingine kabisa.

"Juisi halisi ni tunda lile lile"

Jaribio la mwaka 1977 lilitumia matofaa: mazima, yaliyopondwa, na juisi yake. Juisi ilinywewa mara 11 haraka kuliko muda wa kutafuna tunda. Ilishibisha pungufu kuliko tunda, na baadaye sukari ya damu ilianguka chini kuliko pale tunda lilipoliwa zima. Mwaka 2000 watafiti wengine waliwapa watu 15 kilokalori 450 za ziada kila siku kwa wiki nne, mara peremende za kutafuna, mara soda. Walipotafuna, walipunguza vyakula vingine bila kuambiwa. Walipokunywa, hawakupunguza chochote. Tumbo huhesabu vibaya kile kisichopita menoni.

"Protini ni protini"

Mwaka 1997 Yves Boirie na wenzake wa Ufaransa walionyesha kwamba hata ndani ya maziwa kuna protini za mwendo tofauti. Ile inayobaki kwenye majimaji jibini inapotengenezwa hufika kwenye damu kwa kishindo kisha inaisha. Nyingine, kaseini, huganda tumboni na kujivuta kwa saa nyingi. Ya kwanza huchochea zaidi ujenzi wa protini mwilini, ya pili huzuia zaidi ubomoaji.

Za mimea zina upungufu unaojulikana. Kati ya asidi amino, yale matofali ya protini, nafaka zina lisini chache, kunde zina methionini chache, na kila moja huziba pengo la mwenzake. Ila dhana kwamba lazima ziliwe pamoja kwenye mlo mmoja imepitwa na wakati. Mwili una akiba ya asidi amino inayozunguka, na mchanganyiko wa siku nzima unatosha.

Kwa habari ya shibe, kunde zina faida ambayo nyama haina. Huko Copenhagen, mwaka 2016, wanaume vijana 43 walipewa milo ya maharage na njegere, kisha siku nyingine milo ya nyama ya ndama na nguruwe. Mlo uliofuata ule wa kunde wenye protini nyingi walikula pungufu kwa asilimia 12. Sidhani kama protini ya kunde ina uwezo wa pekee. Imesafiri na nyuzinyuzi, na nyuzinyuzi hizo ndizo zilizofanya sehemu ya kazi.

"Protini huchoma mafuta"

Kumeng'enya chakula kunagharimu nishati. Protini hudai asilimia 20 hadi 30 ya kalori zake, wanga 5 hadi 10, mafuta 0 hadi 3. Hapo ndipo waganga wanapoanzia. Fanya hesabu: ukiondoa kilokalori 100 za wanga ukaweka 100 za protini, umejipatia tofauti ya kilokalori 10 hadi 25. Ndizi moja ina nyingi kuliko hizo. Wale wanaosema ule mara 6 kwa siku "ili moto usizime" nao wamesahau kwamba gharama hiyo hufuata jumla ya chakula, iwe kimeliwa kwa mafungu mawili au manane.

Nguvu ya protini iko kwenye hamu ya kula. Utumbo ukiipokea hutoa homoni kama GLP-1 na PYY zinazouambia ubongo imetosha, na ghrelini, homoni ya njaa, inateremka. Mwaka 2005 Stephen Simpson na David Raubenheimer walipendekeza jambo zito zaidi: kwamba binadamu huendelea kula hadi apate kiasi chake cha protini. Chakula kikiwa kimechujuliwa kwa mafuta na wanga, inabidi ale kingi ili akifikie.

Jaribio la Hall la mwaka 2019 linaendana na wazo hilo, ingawa halilithibitishi. Watu 20 walikula vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi kwa wiki mbili, na visivyosindikwa hivyo kwa wiki mbili. Sukari, mafuta, nyuzinyuzi na wanga vilivyoandaliwa vilisawazishwa kati ya milo hiyo miwili. Kwenye vile vya kiwandani walikula kilokalori kama 500 zaidi kila siku, na ziada yote ilikuwa wanga na mafuta. Protini walikula karibu kiasi kile kile. Walikula kwa kasi zaidi pia.

Na la kuongeza kwa wanaokimbilia nyama ili "kuikwepa insulini": nyama na samaki huipandisha pia. Protini huiamsha pamoja na glukagoni, homoni inayopandisha sukari ya damu, ndiyo maana sukari haianguki.

"Cha muhimu ni unachokula, mpangilio hauna maana"

Mwaka 2015, New York, watu 11 wenye kisukari cha aina ya pili walipewa mlo ule ule siku mbili tofauti. Siku moja walianza na mkate na juisi ya chungwa, dakika 15 baadaye kuku na mboga. Siku nyingine wakageuza. Walipoanza na kuku na mboga, sukari ya damu baada ya nusu saa ilikuwa chini kwa karibu asilimia 29, na baada ya saa nzima karibu asilimia 37, kwa chakula ambacho hakikubadilishwa hata tonge.

Kugeuza mpangilio ni jambo dogo, lakini kuukata wanga ghafla kwa anayetumia insulini au vidonge vinavyoisukuma kongosho ni hatari ya kweli, kwa sababu kipimo cha dawa kilipangwa kwa kuuhesabu wanga huo, na sukari inaweza kushuka hadi mtu akazimia. Mwenye ugonjwa wa figo naye asiongeze protini kabla ya kuongea na daktari wake.