Je, "miaka 25 hadi maisha" maana yake mfungwa anatoka baada ya miaka 25?

Hapana, ingawa wengi wetu huisoma hivyo. Ukisikia mtu amehukumiwa "miaka 25 hadi maisha" huko California, unapiga hesabu: kaingia na miaka 30, atatoka na 55. Lakini hukumu yenyewe ni maisha. Hiyo 25 ni muda wa chini kabla hajastahili kufikiriwa kwa parole, yaani kuachiliwa kwa masharti, na wapo wanaoupita na kufia gerezani.

Ifananishe na leseni ya udereva. Kutimiza miaka 18 hakukupi leseni, kunakupa ruhusa ya kufanya mtihani. Mfungwa naye huitwa mbele ya Bodi ya Parole ya jimbo, mara ya kwanza takriban mwaka mmoja kabla ya muda wake kutimia. Swali la mtihani si kama ameteseka vya kutosha. Ni hili: akitoka leo, atahatarisha watu? Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya California ilieleza kuwa ubaya wa kosa la zamani, peke yake, kwa kawaida hautoshi kumnyima.

Kinachowaangusha wengi ni makosa ya nidhamu ya karibuni, kushindwa kueleza nini kilimfikisha kwenye kosa lile, au kukosa mpango unaoeleweka wa makazi na kazi. Na kufeli hapa kuna gharama. Sheria iliyopigiwa kura mwaka huohuo wa 2008 inaitaka bodi ianzie kwenye kusubiri miaka 15 kabla ya kusikilizwa tena, kisha ishuke hadi 10, 7, 5 au 3 ikiridhishwa. Hali ikibadilika, mfungwa anaweza kuomba asikilizwe mapema kuliko tarehe hiyo.

Hata akifaulu, uamuzi hupitiwa kwa muda usiozidi siku 120, na kwa kesi za mauaji gavana ana siku 30 za kuutengua.

Waliotenda kosa kabla ya kutimiza miaka 26, na wazee wa miaka 50 waliokwisha kukaa 20 ndani, huweza kusikilizwa mapema, wengi wao ingawa si wote.

Haya ni ya California. Pennsylvania, maisha kwa mauaji ya kukusudia hayana parole kabisa. Kinachobaki huko ni gavana kupunguza adhabu, naye hawezi mpaka wajumbe wote 5 wa Bodi ya Msamaha wakubaliane.