Simu wodini: yanayosemwa kuhusu programu za kujisomea udaktari, na ukweli wake

Wanafunzi wa udaktari wanapoanza kuingia wodini hapa Mbeya huja na koti jeupe, stetoskopu mpya na simu iliyojaa programu za kitabibu. Haipiti wiki kabla hujasikia kila neno kuhusu simu hiyo. Kuna mwalimu anayeiona adui, na kuna mwanafunzi anayeamini itamvusha mpaka mwaka wa tano. Nimekuwa mwanafunzi, nikawa daktari tarajali, sasa nasimamia wanaokuja nyuma yangu. Mengi yanayosemwa nimeyaamini mwenyewe kabla ya kuyaacha.

Dhana: Ukiwa na programu nzuri, msuli, yaani kukesha na vitabu, wa nini?

Hii ndiyo inayowapeleka wengi kwenye sapu, mtihani wa kurudia. Mwanafunzi anasoma nimonia kwenye simu, anairudia ndani ya daladala akitoka Uyole, na anaposhuka Kabwe anajiona yuko tayari. Kando ya kitanda cha mgonjwa anaulizwa: mtoto huyu ana miezi minane, akivuta pumzi mara ngapi kwa dakika ndipo tuseme anapumua haraka? Kimya. Jibu ni 50 au zaidi, na limepita mbele ya macho yake mara mbili asubuhi hiyohiyo.

Kusoma na kurudia kunampa mtu hisia ya kujua, na hisia hiyo inadanganya. Mwaka 2006, watafiti wa Marekani Roediger na Karpicke walichapisha majaribio yao kuhusu jambo hili. Wanafunzi wengine walisoma maandishi na kuyarudia, wengine walisoma kisha wakajipima kwa kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokuwa wamebaki na mengi zaidi.

Kwa hiyo programu inayokuuliza inakufaa kuliko inayokusimulia. Zile za kadi, kama Anki, zimejengwa juu ya hilo: swali linatokea, unajibu kichwani, unageuza kadi, unajihukumu. Ulilokosa linarudi upesi, ulilopata linarudi baada ya siku kadhaa, kisha wiki, kisha miezi. Lakini wengi wanapakua maelfu ya kadi zilizotengenezwa na wanafunzi wa Marekani kwa mtihani wao wa leseni, halafu wanakesha na ugonjwa wa Lyme, unaoenezwa na kupe wa huko kwao, wakati wodi imejaa malaria na kifua kikuu. Nawaambia watengeneze zao, tano au sita kila jioni, kutokana na wagonjwa waliowaona siku hiyo. Kadi bora niliyowahi kuona iliandikwa na binti mmoja wa mwaka wa nne. Upande mmoja: "Bibi anasema ana kichomi. Niulize nini?" Upande wa pili: kinamchoma wapi, anapovuta pumzi au muda wote, ana homa, anakohoa nini. Programu ya Ulaya haijui kichomi wala degedege. Na hakuna programu itakayokusaidia mzee wa Rungwe akianza kujieleza kwa Kinyakyusa. Hapo muombe muuguzi au ndugu wa mgonjwa.

Dhana: Haya ni ya wenye simu kali na bando lisiloisha.

Hapana. Anki kwenye simu za Android ni bure, na ukishaweka kadi zako inafanya kazi bila intaneti. Miongozo ya tiba ya Madaktari Wasio na Mipaka nayo ni bure, unaipakua mara moja. Kinachokula MB ni video.

Dhana: Namba ni namba, popote ulipo.

Hapa naomba usikilize kwa makini, kwa sababu nusura nimdhuru mtu.

Nilikuwa mwanafunzi, zamu ya usiku, hospitali moja ya mikoa hii. Mgonjwa alikuwa mzee aliyelegea, mdomo umekauka, anaomba maji kila mara. Kipimo cha sukari kikasoma 22.4. Nikafungua programu yangu: chini ya 70, sukari imeshuka, mpe glukosi. Nikaanza kutafuta glukosi. Muuguzi wa zamu, mama mtu mzima, akanishika mkono, akauliza, "Daktari, hiyo programu yako inapima kwa vipimo gani?" Programu ilikuwa ya Marekani, wanakopima kwa miligramu kwa desilita. Mashine yetu ilisoma kwa milimoli kwa lita. Ukizidisha 22.4 kwa 18 unapata kama 403. Mzee yule sukari ilikuwa imepanda vibaya, nami nilikuwa nakwenda kumwongezea.

Tangu hapo, kitu cha kwanza ninachomfundisha mwanafunzi kuhusu programu yoyote ni kuangalia kipimo kabla ya namba. Kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, nayo ina mtego huohuo.

Hata kipimo kikiwa kilekile, mahali panabadilisha maana. Kwa kawaida mjamzito huhesabiwa ana upungufu wa damu ikiwa hemoglobini yake, yaani kipimo cha wingi wa damu, iko chini ya gramu 11 kwa desilita. Lakini Mbeya mjini tuko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mwili hujibu kwa kutengeneza damu zaidi. Shirika la Afya Duniani linaelekeza namba hiyo irekebishwe kwenda juu kwa watu wa nyanda za juu. Basi 11.2 ya mama wa Kyela, kule chini kando ya Ziwa Nyasa, inaweza kuwa salama, na 11.2 ya mama wa hapa ikawa upungufu. Programu nyingi haziulizi unaishi wapi.

Akili mnemba? Inaweza kukupa dozi isiyo sahihi kwa lugha nzuri kabisa. Dozi ihakikishe kwenye mwongozo wa matibabu wa taifa.

Dhana: Ukifuta jina la mgonjwa, picha iende tu kwenye grupu.

Kovu, sura, shuka la wodi na tarehe vinatosha kumtambulisha mtu, hasa kwenye mji kama Tukuyu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Bila ridhaa yake, usitume.

Dhana: Anayeshika simu mbele ya mgonjwa anachati.

Mgonjwa ana haki ya kufikiri hivyo kama hukumwambia unachofanya. Februari moja nilikuwa na mama mjamzito kliniki. Kwa tarehe aliyoitaja, programu ilisema wiki 36, lakini utepe juu ya tumbo ulisoma sentimita 32, na kwa kawaida sentimita hizo hukaribiana na wiki za mimba. Alikuwa akiitazama simu yangu kwa wasiwasi. "Unamwandikia nani habari zangu?" Nikamgeuzia kioo, nikamwonyesha kalenda: hapa ndipo uliposema uliona siku zako za mwisho, mwanzo wa Juni. Akaisogeza miezi kwa kidole chake, polepole.

"Hapana, mwanangu. Tulikuwa tumeshaanza kuvuna mahindi. Weka Julai, hapo mwanzoni."

Nikaweka. Ikasoma wiki 32.