Tikitimaji likipinda, pasua utazame mbegu

Mkulima wa Luweero au Masaka, nchini Uganda, akiniletea tikitimaji lililonenepa upande mmoja na kusinyaa upande wa pili, huuliza kwanza apulizie dawa gani. Mimi huomba kisu. Tukilipasua, upande ulionenepa una mbegu nyeusi zilizojaa. Uliosinyaa una vijimbegu vyeupe, vyembamba kama kapi.

Mbegu changa hutoa homoni, kemikali za kiasi kidogo mno zinazouelekeza mmea upeleke wapi chakula. Saitokinini husukuma seli zigawanyike, kisha auksini na jibarelini huzitanua. Mwaka 1950 mtafiti Jean Nitsch alibandua vijimbegu vilivyo juu ya stroberi changa, na tunda likadumaa. Alipopaka auksini badala yake, likaendelea kunenepa. Alipobakiza vijimbegu upande mmoja, likavimba upande huo tu.

Sasa, mbegu haijai bila chavua, na chavua ya tikiti hubebwa na nyuki. Ua la kike hufunguka siku moja tu, asubuhi. Anayepuliza dawa ya wadudu saa tatu asubuhi anawaua vibarua wake mwenyewe. Ngoja jioni, maua yamefunga.

Utaniuliza, na matoke je? Ndizi zetu hazina mbegu, ila zinajaa vizuri. Kitoto cha tunda lake hujitengenezea homoni bila kungoja chavua. Ndizi mwitu haiko hivyo: imejaa mbegu ngumu, hailiki.

Jambo jingine ni maji. Kwa matunda mengi, seli hugawanyika zaidi wiki za mwanzo baada ya ua kushika. Jua likikaza hapo, tunda litakuwa na seli chache, na mvua ya baadaye itazitanua zilizopo bila kuongeza idadi yake. Ndiyo maana wa kumwagilia mapema humshinda wa kumwagilia kwa wingi.

Kabla hujalaumu nyuki au jua, kagua pia bomba lako la kupulizia dawa. Dawa ya magugu ya 2,4-D ni auksini ya kiwandani: mahindi huistahimili, nyanya hapana. Masalio kidogo yaliyobaki kwenye bomba yanatosha kuyasokota majani ya nyanya na kuharibu umbo la matunda. Kusuuza mara moja hakutoshi. Afadhali uwe na bomba la magugu peke yake, ulipake rangi nyekundu.