Pumzi na sauti katika kufikiri kwa ubunifu: maana yake

Ni zoea la kutuliza mwili kwa kupumua polepole, kisha kuiachia akili itangetange huku masikio yakisikia kitu kisichodai usikivu wote. Pumzi yenyewe haileti wazo. Inapunguza hofu na haraka, ambazo humfanya mtu akimbilie kile alichokizoea.

Chukua mchoraji wa kadi za harusi pale Nasser Road, mtaa wa wachapaji jijini Kampala. Mteja kasimama nyuma yake, anauliza kama bado. Mchoraji akibanwa hivyo, atarudisha maua yaleyale ya kadi ya juzi. Afadhali aondoe mkono kwenye mausi, avute hewa kwa sekunde 4 na kuitoa kwa sekunde 6, dakika mbili tatu hivi. Moyo hupiga haraka kidogo mtu anapovuta hewa na hupunguza mwendo anapoitoa, kazi inayoongozwa na neva ya vagasi, inayounganisha ubongo na moyo. Ndiyo sababu ya kurefusha pumzi ya kutoka. Kisha achore haraka mipangilio mitano bila kuhukumu hata mmoja. Mteja na asubiri.

Kuhusu sauti, Ravi Mehta na wenzake walichapisha utafiti mwaka 2012: waliosikia kelele za desibeli 70 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) walitoa mawazo ya kibunifu zaidi kuliko waliokaa kwenye desibeli 50, na kwenye 85 faida ikatoweka. Kwa hiyo mashine za uchapaji za chumba cha pili huenda zisiwe adui. Jenereta inayonguruma mlangoni ni habari nyingine. Anayetunga maneno aepuke nyimbo za lugha anayoielewa, maana maneno yatagombana kichwani. Mimi ningemwekea amadinda, marimba ya mbao ya Buganda, midundo yake inayopishana na kujirudia, kwa sauti ya chini.

Wapo pia wanaovuma kama nyuki midomo ikiwa imefungwa. Katika yoga huitwa bhramari. Mwaka 2002 watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Uswidi, waliona kuvuma huko kunaongeza gesi ya nitriki oksidi puani takriban mara 15. Hayo ni ya pua. Anayekuambia yanaongeza akili anakuuzia kitu.

Kupumua kwa kasi ni zoezi tofauti kabisa: hupunguza kaboni dioksidi kwenye damu, kichwa kikazunguka na vidole vikafa ganzi. Ukifika hapo acha, keti, urudi kwenye pumzi ya kawaida.